Chonge ya Kushoto

Mzee Mayige wa Ngulyati alikuwa na kazi moja tu ambayo hakuna aliyempa na kwa hiyo hakuna aliyeweza kumfukuza: kuangalia meno ya ng'ombe. Siku ya mnada alivaa koti lake lililobaki bila kifungo hata kimoja, akaenda kusimama zizini. Muuzaji akisema, "Dume hili lina miaka mitatu," Mayige hakubishana naye. Alimshika ng'ombe puani, akauvuta ulimi pembeni, akachungulia meno ya mbele ya chini, akatema mate. "Mitano. Na wewe ni mwongo." Kwa jambo hilo aliheshimiwa. Kwa mengine yote, watu walimwona akija wakakumbuka kuwa wana mboga jikoni.

Maana alikuwa mlalamikaji. Pamba ikishuka bei, ni wakubwa. Mpini wa jembe ukikatika, ni wakubwa, kwa sababu wao ndio walioiacha miti mizuri ikaisha. Mvua ikichelewa, ni wakubwa vilevile, ingawa hapo hata yeye alipata taabu kueleza waliizuia kwa njia gani. Zamani alilaumu kwa mazoea tu, kama mtu anavyovuta ugoro. Halafu mke wake Yusta akapata uvimbe tumboni, wakaenda kwenye hospitali fulani ambayo Mayige aliapa hataitaja jina mpaka anazikwa. Waliambiwa wamsubiri daktari. Daktari alikuwa anasubiri karatasi. Karatasi ilikuwa inamsubiri mkubwa, na mkubwa alikuwa kwenye semina. Wote walikuwa hodari wa kusubiri. Yusta ndiye aliyeshindwa.

Baada ya mazishi nyumba ilibaki na watu wawili: yeye na mjukuu wake, Salu. Baba yake Salu alikuwa machimboni Geita, na simu yake ilishika mtandao pale alipotaka yeye. Mama yake alikuwa ameolewa upya huko Bukundi. Salu alipika, akafagia, akaenda shule, na jioni alimsikiliza babu yake akiwatukana wakubwa huku akichambua mchicha. Mayige alimwita mayu, mama, kama Wasukuma wanavyowaita mabinti zao, naye Salu akamwita guku, babu; na Mayige hakuwa na kitu kingine cha thamani chini ya bati lile.

Sasa, kisa cha jino kilianzia kwenye cheti cha kuzaliwa.

Msimu wa pamba uliopita, Mayige alimwona Salu anapiga miayo. Kazi ni kazi; akachungulia. Kulia, chonge ya chini ilikuwa imeshabadilika, imekuja ya ukubwani, nene. Kushoto bado kulikuwa na kile kijino cha utoto, kidogo, cheupe kama punje ya mahindi mabichi. Mayige akapiga hesabu yake ya mnadani. Kesho yake alimshika Salu mkono, wakaenda ofisi ya kata kwa mtendaji, bwana Ndaki.

"Mtendaji, hiki cheti mmekosea."

"Jina si lake?"

"Jina ni lake. Miaka ndiyo si yake. Mmeandika ana kumi na moja. Mayu, fungua mdomo." Salu akafungua. "Tazama kushoto. Hilo ni jino la utoto. Huyu ana miaka tisa, na nyie mmempeleka darasa la tano akateseke na mahesabu."

Ndaki alichungulia kwa adabu. "Na kulia je, mzee? Mbona kulia ni mtu mzima?"

"Kulia kumewahi."

"Kwa nini isiwe kushoto kumechelewa?"

Mayige alimwonea huruma, kama anavyomwonea huruma kila msomi. "Jino la ukubwani linaweza kuwahi likishiba maziwa. La utoto halighushiki. Ukikuta mdomo mmoja una maneno mawili, unashika la utoto."

"Hapa si mnadani, mzee wangu."

"Ndiyo maana mnakosea!"

Kutoka hapo alikwenda kwa mwalimu mkuu, Salu akafungua mdomo. Akaenda kwa padri kuulizia tarehe ya ubatizo, Salu akafungua mdomo. Diwani alipokuja kuhutubia, Mayige alisimama kuuliza swali, na swali lenyewe lilikuwa Salu, tena mdomo wazi. Nusu ya kata ililiona lile jino. Wakubwa wote wakatikisa vichwa. Mayige akarudi nyumbani kila mara na furaha chungu ya mtu aliyehakikisha kuwa nchi imeoza.

Pamba ilipokwisha kuvunwa, taya la Salu lilianza kuvimba.

Lilivimba kushoto, chini, karibu na kidevu. Polepole. Halikuuma. Kwanza ilionekana kama ameweka pipi shavuni, halafu kama ameweka limau. Watoto shuleni wakamwita Limau, na yeye akaanza kutembea ameinamisha uso upande mmoja. Mayige alilibonyeza kwa kidole gumba. Gumu. Na hapo mtaalamu akatoa jibu bila kusitasita: taya la ng'ombe. Alishaliona kwa madume mengi, linakuja gumu chini ya meno, na dawa yake ni chuma cha moto.

Usiku ule hakulala vizuri, lakini hilo hakumwambia mtu. Asubuhi aliweka kipande cha nondo kwenye moto. Salu alikuwa anakoroga uji kwenye moto uleule. Akaitazama nondo, akamtazama babu yake.

"Guku, hiyo ya nini?"

"Ya kazi tu."

"Kazi gani?"

"Kazi ndogo. Ng'ombe hata halii."

Salu aliweka mwiko chini taratibu, kama mtu anayeaga bila kuaga, kisha akatimua mbio. Mayige alimfuata mpaka kwenye kona ya shamba la jirani, magoti yakamkumbusha kuwa yeye si kijana. Uji ukaungua. Salu hakusimama mpaka kwa shangazi yake Klementina, binti wa Mayige, aliyeshona nguo pale senta.

Klementina alikuja na futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni.

"Baba, ulitaka kumchoma mtoto?"

"Nilitaka kumtibu."

"Kwa nondo?"

"Nimetibu nayo madume."

"Na yako wapi hayo madume?"

Mayige alifikiri. Ukweli ni kwamba yote yaliishia bucha, lakini aliona si wakati mzuri wa kutoa takwimu. "Twende hospitali basi," alisema, "ukajionee mwenyewe. Utakuta foleni mpaka nje, mashine mbovu, na daktari yuko semina. Usije ukasema sikukuambia."

Njiani kwenda Bariadi mjini alifanya mazoezi ya hotuba. Alikuwa na sehemu ya foleni, na sehemu ya mashine, na mwisho mzuri sana kuhusu semina. Walipofika chumba cha meno wakakuta watu wawili tu kwenye benchi. Hotuba ikapoteza mguu mmoja. Mashine ya picha ilikuwa inafanya kazi. Mguu wa pili. Halafu mlango ukafunguliwa, daktari akatoka mwenyewe kuwaita, kijana mrefu, Ansbert kwa jina, mtu wa Bukoba.

"Mwangaluka, baba," alisema, akijitahidi kusalimu Kisukuma.

"Mwangaluka," alijibu Mayige kwa huzuni. Hata ule mwisho wa semina ulikuwa umemponyoka.

Daktari alimkalisha Salu kwenye kile kiti kinacholala. "Ana miaka mingapi?"

"Kumi na moja, anaelekea kumi na mbili," alisema Klementina.

"Tisa," alisema Mayige, papo hapo.

Daktari aliinua macho. "Kwa nini tisa?"

Ilikuwa mara ya kwanza mkubwa yeyote kumwuliza Mayige kwa nini, na kweli akangoja jibu. Mayige akasogea, akaosha mikono alipoelekezwa, akaonyesha kulia, akaonyesha kushoto, akaeleza habari za jino lisiloghushika. Daktari hakucheka. Aliwasha taa, akachungulia kwa kioo kidogo, akaligusa jino la utoto, halikutikisika. Akabonyeza taya ndani na nje.

"Hili jino umeanza kuliona lini, mzee?"

"Msimu uliopita. Sikunyamaza! Nimelipeleka mpaka kwa mtendaji."

"Kwa mtendaji."

"Na kwa mwalimu mkuu."

"Ehee."

"Na kwa padri. Diwani nilimwonyesha mbele ya mkutano."

"Na kwa daktari wa meno?"

Klementina alitazama dari. Mayige alikohoa kikohozi ambacho hakikuwepo.

"Lilikuwa haliumi," alisema.

Picha ilipotoka, daktari aliwaita waitazame kwenye kompyuta. Taya la Salu lilionekana jeupe, na ndani yake kulikuwa na duara jeusi kama mtungi uliozikwa. Chini ya mtungi ule, limelala ubavu, kulikuwa na jino zima, zuri, lenye ncha.

"Hiyo ni chonge," Mayige alisema bila kuulizwa.

"Ndiyo yenyewe. Ya ukubwani. Haikuchelewa wala kuwahi, ilizuiliwa. Jino likiwa linaumbika huwa na kifuko chake. Kwa huyu kifuko kimejaa maji, kikatanuka, kikalisukuma jino chini na kulila taya pole pole. Ndiyo maana lile la utoto halikung'oka, hakuna aliyelisukuma kutoka chini. Siwezi kuapa kwa picha peke yake. Uvimbe wa mataya ya watoto una sura nyingi. Mwezi uliopita nilikuwa na mtoto kutoka Nkoma, ndani ya uvimbe wake tulikuta vijino vidogo vingi vimeshikana kama wali ulioganda. Na upo mwingine unaokuja kwa kasi, meno yanalegea yote ndani ya wiki chache, huo ndio ninaouogopa. Wa Salu ni wa taratibu na meno hayajalegea, kwa hiyo nina matumaini. Lakini lazima tuufungue, tuchukue kipande, kipimwe Mwanza. Huu uvimbe..."

Mayige hakusikia zaidi. Neno uvimbe lilimwingia kama maji ya baridi sikioni. Aliona pazia la kijani la wodi ile nyingine, na mguu wa Yusta umetoka nje ya shuka, na muuguzi akisema uvimbe, baba, tusubiri. Akamshika Salu mkono.

"Twende zetu, mayu."

"Mzee, sijamaliza..."

"Najua mwisho wake."

Alimvuta mtoto mpaka nje, karibu na geti, kwenye benchi la saruji wanapokaa wanaosubiri bodaboda. Alikaa. Mdomo wake, uliokuwa na maneno kwa kila mkubwa tangu uhuru, ulitetemeka tu. Salu alikaa pembeni yake, ule upande wenye limau ukimwelekea.

"Guku, unalia?"

"Vumbi."

"Hamna vumbi hapa. Wamemwagia maji."

Mayige alijifuta kwa mkono wa koti. "Bibi yako aliambiwa neno hilohilo, mayu. Uvimbe. Hakurudi."

Salu alifikiri kidogo, miguu ikining'inia. "Bibi aliambiwa asubiri. Mimi nimeambiwa leo leo."

Mayige aliitazama ile miguu.

"Halafu, guku, mimi nimefungua mdomo kwa mtendaji. Nimefungua kwa mwalimu, kwa padri, mkutanoni watu wote wananiona. Huyu ndiye wa kwanza aliyeangalia jino. Wale wengine wote walikuwa wanakuangalia wewe."

Klementina aliwakuta wamekaa bega kwa bega. Alikuwa amekuja na maneno makali, akayameza. Mayige akasimama, akajikung'uta suruali ambayo haikuwa na kitu cha kukung'uta, akarudi ndani mbele yao. Daktari alikuwa bado amesimama palepale na picha yake.

"Tulitoka kuangalia geti," alisema Mayige. "Liko salama. Wapi naweka sahihi?"

Aliandika jina lake kama alivyofundishwa alipoishia, darasa la pili, kila herufi ikisubiri mwenzake, ulimi nje.

Daktari alimtia Salu ganzi kwanza, halafu akaingiza sindano kwenye uvimbe na kuvuta. Bomba likajaa maji ya manjano, kama chai ya rangi iliyochujwa mara mbili. "Maji," alisema, na mabega yake yakashuka kidogo, Mayige akaona. "Hii ni dalili nzuri. Ingekuwa nyama tupu, nisingepata kitu. Sasa nang'oa lile jino la utoto, nafungua dirisha hapo, maji yapate njia. Presha ikitoka, taya litajijaza, na chonge inaweza kupanda yenyewe. Mzee, wewe una uzoefu na midomo. Mshikie kichwa."

Kwa kusema kweli, hilo ndilo kosa pekee ambalo Dakta Ansbert alilifanya siku ile. Mayige alikishika kichwa cha Salu kwa mikono iliyoshika mapua ya madume yenye hasira. Aliona koleo linaingia. Alisikia kijino cha utoto, kile alichokizungusha kata nzima, kikisema *tik*. Aliona tone moja la damu, dogo kuliko la mbu.

Alipofumbua macho alikuwa sakafuni, Klementina anampepea kwa faili, na muuguzi anamtafutia soda.

"Mtoto?" aliuliza.

"Mtoto yuko sawa," alisema muuguzi. "Amesema tukuhudumie wewe kwanza."

Kipande kikapelekwa Mwanza. Salu alirudi nyumbani na kitambaa cha dawa kwenye lile dirisha, na bomba la plastiki la kusukutulia kwa maji ya chumvi. Mayige ndiye aliyepewa kazi ya kuyachemsha maji yale asubuhi na jioni. Aliyachemsha kupita kiasi, mara sufuria ikakauka kabisa. Hakumlaumu mtu. Jirani alipomwuliza habari za bei ya pamba alisema, "Sijui, waulize wenyewe," jirani akaenda kumwambia mkewe kwamba Mayige anaumwa.

Na kweli kusubiri kulimla. Alijua kulaumu, kungoja alikuwa hajui, maana mara ya mwisho alipongoja alichimba kaburi. Siku ya mnada alimshika fahali puani, akachungulia, akasema, "Kumi na moja." Zizi zima likaangua kicheko. Fahali la miaka kumi na moja lenye meno mawili tu yaliyobadilika! Muuzaji, ambaye Mayige alimwita mwongo mara nyingi, alimpigapiga begani. "Nenda nyumbani, mzee. Leo macho yako yako kwingine."

Jibu lilipofika Klementina alipigiwa simu. Alikuja mbio na futi yake shingoni, mara hii akicheka na kulia. Si saratani. Ni kifuko cha maji cha jino, kama daktari alivyodhani. Mayige alikuwa amepiga magoti anapuliza moto wa maji ya chumvi. Alibaki amepiga magoti muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji.

"Wangeweza kuleta mapema," alisema hatimaye. "Mwanza si mbali hivyo."

"Baba!"

"Nasema tu."

Limau likapungua. Likawa pipi, halafu likawa shavu. Mwaka mpya ulipoingia, Salu akiwa anacheka kitu na wenzake, mmoja akamwambia kuna kitu cheupe kimechomoza. Mayige aliposikia hakungoja hata chai. "Twende kwa mtendaji, mayu. Nina deni la maneno."

Ndaki aliwaona wanaingia, akafunga faili lake kama mtu anayefunga dirisha kabla ya dhoruba.

"Mtendaji," alisema Mayige, amesimama wima, koti limekumbatiwa kwa mikono kwa kukosa vifungo. "Nilikuja hapa nikasema mmekosea miaka. Nimekuja kusema kushoto kulikuwa kumechelewa. Wewe uliuliza, mimi nikajiona mjuzi. Ushahidi huu hapa. Mayu, fungua mdomo."

Salu hakufungua.

"Mayu."

"Hapana, guku," alisema Salu taratibu. "Huu mdomo wangu. Sasa hivi naufungua kwa daktari, na kula."

Mkono wa Mayige ulibaki hewani, vidole viwili vimejikunja tayari kushika pua ambayo haikuwepo. Hakujua aurudishe wapi. Ndaki aliutazama ule mkono, akamtazama mzee, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akatabasamu.

"Basi mzee wangu, ushahidi tutautafuta kwingine. Fungua wa kwako."

"Wangu?"

"Kazi ni kazi."

Nini cha kufanya? Alifungua. Ndaki aliinama kwa heshima zote, akachungulia, akageuza kichwa huku na huku kama alivyoona wanavyofanya mnadani. Ndani kulikuwa na meno matatu, na moja kati yake lilikuwa linawaza kuondoka.

"Huyu mnadani mngesemaje?" aliuliza Ndaki.

Mayige alifunga mdomo, akafikiri kwa haki, kama fundi.

"Bucha," alisema. "Tena siku hiyohiyo. Na nyama yake ichemshwe sana."

Salu akaangua kicheko. Alicheka mpaka akajishika tumbo, kichwa nyuma, mdomo wazi kabisa bila mtu kumwamuru, na pale kushoto, chini, ncha ya chonge ikaonekana, imekaa upande kidogo kama mtu aliyechelewa ibadani. Mayige aliiona. Kisha akakumbuka kuwa hajakaribishwa kuitazama, akageuza uso haraka ukutani.

"Kumi na mbili," aliuambia ukuta. "Kama mlivyoandika. Ingawa mlibahatisha."